Chicago ya Stagg au Oxford ya makasia: michezo ya wanachuo iendeshwe kwa mtindo upi?

Mwaka niliokuwa waziri wa michezo katika serikali ya wanafunzi, fungu letu lilitosha jambo moja kati ya mawili. Ama tununue jezi, tulipe basi na posho ili timu ya chuo iende kwenye mashindano ya vyuo vikuu, ama tuendeshe ligi ya vitivo muhula mzima, wavulana na wasichana. Tulipeleka timu. Wakasafiri wachezaji 18 na viongozi wao, na maelfu ya wenzao waliobaki hawakugusa mpira mwaka ule. Uamuzi ule bado unanikera. Najua kila mwaka kuna kijana mwingine anayekabidhiwa wizara hiyohiyo na fungu dogo lilelile, kwa hiyo namwandikia yeye.

Swali lake lina umri wa zaidi ya miaka mia. Mwanzoni mwa karne ya 20 vyuo vikuu viwili vilikuwa vimeshalijibu, kila kimoja kwa njia yake. Chuo Kikuu cha Chicago, kipya kabisa, kiliweka michezo mikononi mwa mtaalamu wa kulipwa na timu moja ya kutisha, ya futiboli ya Kimarekani. Oxford, chenye karne nyingi mgongoni, kiliwaachia wanafunzi waendeshe klabu zao wenyewe, vyuo vidogo vilivyomo ndani yake vikishindana, chuo kidogo dhidi ya chuo kidogo. Yupo hata mtu aliyepita pande zote mbili. Edwin Hubble, yule mwanafalaki, alicheza katika timu ya mpira wa kikapu ya Chicago iliyotwaa ubingwa wa kanda yao mwaka 1909. Mwaka uliofuata akaenda chuo cha Queen's, Oxford, kusoma sheria kwa ufadhili wa Rhodes. Ufadhili huo wenyewe ulitaka mwombaji awe anapenda michezo, kwa mujibu wa wasia wa Cecil Rhodes aliyefariki 1902.

Nani mwenye neno la mwisho

Chicago kilifungua milango Oktoba 1, 1892, kwa fedha za John D. Rockefeller, tajiri wa mafuta. Rais wake wa kwanza, William Rainey Harper, alikuwa bingwa wa Kiebrania, na alikuwa na shida ya kila chuo kipya: nani atakijua? Akamwita kijana aliyemfundisha Yale, Amos Alonzo Stagg, akampa mshahara wa dola 2,500 na cheo cha profesa mshiriki, awe mkuu wa idara ya mazoezi ya viungo. Harper hakuficha alichokitaka: timu ambayo ingezunguka nchi nzima ikivifunga vyuo vingine. Msimu wa kwanza wachezaji walikuwa wachache hata Stagg mwenyewe akavaa jezi na kuingia uwanjani, na miongoni mwa wapinzani ilikuwamo shule ya sekondari ya jirani, Hyde Park. Miaka 13 baadaye timu hiyohiyo ilikuwa tishio la Marekani yote ya kati.

Tazama mamlaka aliyokuwa nayo huyu mwalimu. Alichagua wachezaji, alipanga mechi, na mapato ya viingilio yalirudi katika idara yake, iliyokuwa na bajeti ambayo wakuu wengine wa idara wangeweza kuiota tu. Alikaa kwenye kiti hicho hadi 1932, alipostaafishwa akiwa na miaka 70. Mwanafunzi mcheza mpira katika Chicago ya wakati ule alikuwa kama askari. Anaambiwa alale lini, ale nini, asimame wapi. Mwaka 1908 kengele zilipotundikwa katika mnara wa Mitchell, Stagg alitoa fedha zake ili wimbo wa chuo upigwe kila usiku saa 4 na dakika 5, wachezaji wake wajue wakati wa kwenda kulala umefika. Mie hilo linanigusa. Ni mtu aliyewajali vijana wake kama baba, na wakati huohuo hakuwaachia kitu cha kuamua wenyewe.

Oxford neno la mwisho lilikuwa la mwanafunzi. Rais wa klabu ya makasia ya chuo kikuu alikuwa mwanafunzi aliyechaguliwa na wenzake. Yeye ndiye aliyechagua watu wanane na mshika usukani wa kuwakabili Cambridge, na yeye ndiye aliyemwalika kocha, ambaye kwa kawaida alikuwa mpiga makasia wa zamani anayekuja kwa mapenzi, bila mshahara. Riadha ni vivyo hivyo. Arnold Jackson, aliyeshinda mita 1,500 katika Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912, alikuwa mwanafunzi wa Oxford na aliwahi kuwa rais wa klabu ya riadha. Mazoea hayo yalidumu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 rais mwingine wa klabu hiyohiyo, Roger Bannister, ndiye aliyesukuma uwanja wa Iffley Road ukajengwa upya, na ni hapo, Mei 6, 1954, alipokimbia maili moja chini ya dakika 4.

Kwa waziri wa michezo anayesoma haya, tofauti hii ndiyo ya kwanza kuipima. Mtindo wa Chicago unamtaka mtu mmoja aliyebobea, akae miaka mingi, na awe na ofisi. Mtindo wa Oxford unamtaka mwanafunzi anayeweza kuitisha mkutano, kukusanya ada, kutunza daftari, na kumkabidhi mwenzake kila kitu mwaka unapokwisha. Vyuo vingi ninavyovijua vina watu wengi wa aina ya pili na hawana hata mmoja wa aina ya kwanza.

Alhamisi moja Chicago

Novemba 30, 1905, siku ya sikukuu ya Shukrani, Chicago walicheza na Michigan. Watu wapatao 27,000 walijaa kwenye majukwaa ya mbao. Michigan, chini ya kocha Fielding Yost, walikuwa wamecheza mechi 56 bila kupoteza hata moja tangu 1901. Futiboli ya Kimarekani ya siku zile ilikuwa ngumu kuliko ya leo: hakuna pasi ya kurusha mbele, kofia ngumu hazikuwa sharti, watu 11 walewale wanashambulia na kujilinda, na hatua kubwa zinapatikana kwa kurundikana na kusukumana kifua kwa kifua.

Mechi nzima haikuwa na goli. Kipindi cha pili mchezaji wa Chicago, Walter Eckersall, kijana mwepesi wa mwili na hodari wa kupiga mpira kwa mguu, aliutuma mpira mbali hadi nyuma ya mstari wa goli la Michigan. Mchezaji wa Michigan aliyeudaka angeweza kutulia nao palepale bila hasara yoyote. Akaamua kutoka nao mbio. Alipokanyaga mbele ya mstari wachezaji wa Chicago wakamvaa wakamrudisha nyuma, akaangukia ndani ya eneo lake mwenyewe. Pointi 2. Mechi ikaisha 2 kwa 0, na Chicago wakawa mabingwa.

Hakuna ligi ya vitivo inayoweza kuwapa watu 27,000 siku kama ile. Ukiwahi kusimama jukwaani ukaimba wimbo wa chuo chako na watu usiowajua, ukajiona ndugu yao, unajua ni kitu cha kweli, na sitaki mtu aniambie ni cha kudharauliwa. Harper aliliona hilo kabla ya wengi. Alifariki kwa saratani Januari 10, 1906, wiki sita tu baada ya ushindi ule, akiwa na miaka 49, na chuo chake tayari kinajulikana kila pembe ya nchi.

Lakini mwaka huohuo wa 1905 gazeti la Chicago Tribune lilihesabu vifo 18 vya wachezaji wa futiboli nchini, wengi wao vijana wa sekondari. Rais Theodore Roosevelt alikuwa ameshawaita Ikulu, Oktoba 9, wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton kuzungumzia ukatili wa mchezo. Columbia wakaufuta. Stanford na California wakahamia raga. Mwaka 1906 sheria zikabadilishwa, pasi ya mbele ikaruhusiwa, na kikaundwa chama cha kusimamia michezo ya vyuo, kilichokuja kuitwa NCAA mwaka 1910. Jarida la Collier's nalo lilichapisha makala za kufichua jinsi vyuo vinavyonunua wachezaji, na Chicago kilikuwa miongoni mwa vilivyotajwa. Tangu 1902 Stagg alikuwa akiwaalika vijana wa sekondari kutoka mbali kwenye mashindano ya riadha chuoni kwake, na hapo ndipo alipowaona wenye mbio na misuli kabla ya wenzake.

Na Eckersall? Alicheza hadi 1906, akashangiliwa kuliko profesa yeyote, akaondoka bila shahada. Baadaye akawa mwandishi wa michezo wa gazeti la Tribune, na akafariki 1930 akiwa na miaka 43. Nikilisoma jina lake huwa nawakumbuka vijana wetu wanaoruhusiwa kukosa vipindi kwa ajili ya mazoezi ya timu ya chuo, halafu mtihani ukifika wako peke yao.

Boti inayofukuza boti

Sasa njoo Oxford, mto Thames, ambao wenyewe pale wanauita Isis. Mto ni mwembamba, boti nyingi haziwezi kwenda sambamba, kwa hiyo wanafunzi walibuni mbio za foleni. Boti za vyuo vidogo hupangwa moja nyuma ya nyingine, kati yao nafasi ya kama boti moja na nusu. Kila mshika usukani ameshika kamba iliyofungwa ukingoni. Mzinga ukilia anaiachia, na makasia manane yanazama majini kwa pamoja. Kazi yako ni moja: iguse boti iliyo mbele yako kabla iliyo nyuma haijakugusa. Ukiigusa, nyote wawili mnasogea pembeni, na kesho yake mnabadilishana nafasi. Mbio huenda siku kadhaa mfululizo. Anayemaliza wa kwanza kwenye foleni anaitwa mkuu wa mto, na wote wataanza mwakani pale walipoishia mwaka huu.

Ni mashindano rahisi, na nimeyapenda tangu nilipoyaelewa, kwa sababu yanampa kila mtu kitu cha kupigania. Boti ya 14 haina ndoto ya ubingwa, lakini ina shabaha mbele ya macho yake: ile ya 13. Chuo kibovu kikiwagusa wenye nafasi moja juu yake siku tatu mfululizo kinapokelewa kama mashujaa. Katika ligi zetu timu ikishafungwa mechi mbili za mwanzo inaacha kuja uwanjani, nasi tunabaki kuandika alama za bwerere kwenye jedwali.

Piga hesabu. Boti 20 tu zikiingia mtoni, ni watu 180 walioshika kasia au usukani, katika chuo kikuu kilichokuwa na wanafunzi kama 3,000. Na huo ni mchezo mmoja. Vipo vilevile kriketi, raga, kandanda na riadha, kila kimoja kikichezwa chuo kwa chuo. Mashindano ya masika yalikuwa kama shule ya wanaojifunza, na yale ya kiangazi ndiyo makubwa, wazazi na dada wakija kutazama kutoka kwenye majahazi ya klabu yaliyotia nanga ukingoni.

Juu ya yote hayo kulikuwa na mashindano ya makasia ya Oxford dhidi ya Cambridge, yaliyoanza 1829 huko Henley na baadaye yakahamia London, kutoka Putney hadi Mortlake, kilomita 6.8. Hayo nayo yalikuwa na umati wake. Mwaka 1912 upepo uliyajaza maji maboti yote mawili, ya Cambridge ikazama, na ikabidi warudie, Oxford wakashinda. Lakini tisa wale waliokwenda London walikuwa wametoka kwenye zile boti za vyuo. Kwanza ulijengwa msingi, kileleni wakafika baadaye. Chicago walianzia kileleni.

Waliobaki nje ya geti

Hapa Oxford inanisikitisha. Klabu zile za wanafunzi zilikuwa za wanaume, tena wanaume wenye nafasi. Boti ni ghali, suti ya kuvaa chakulani ni ghali, ada ya uanachama ni juu yako. Walijisifu kuwa wanacheza kwa ridhaa bila malipo, na ridhaa hiyohiyo ikawa ukuta: kanuni za mashindano ya makasia ya Henley, waliyoyapenda sana, ziliwakataza mafundi na vibarua kushiriki hadi 1937, eti kazi ya mikono inawapa misuli isiyo ya haki. Wanawake walikuwa na vyuo vyao Oxford tangu 1879, lakini shahada hawakupewa hadi 1920, na chama cha midahalo hakikuwakubali kuwa wanachama kamili hadi 1963.

Chicago kiliwapokea wanawake siku ya kwanza. Kuanzia 1898 Gertrude Dudley aliongoza mazoezi ya wanawake, wakicheza kikapu na magongo, na mwaka 1916 likafunguliwa jengo lao, Ida Noyes, lenye ukumbi wa mazoezi na bwawa la kuogelea. Tena idara ya Stagg haikuwa ya timu peke yake. Wanafunzi wa shahada ya kwanza, wanaume kwa wanawake, walilazimika kufanya mazoezi ya viungo kama sehemu ya masomo. Hilo Oxford hawakuwa nalo kabisa. Kijana wa Oxford asiyependa jasho aliachwa na vitabu vyake hadi anamaliza.

Kwa hiyo usidanganyike kwamba kinachoendeshwa na wanafunzi ni cha wanafunzi wote. Kama daftari la klabu liko mikononi mwa marafiki watano wa bweni moja, watawaalika marafiki wa bweni hilohilo. Wasichana hasa wataambiwa uwanja una ratiba, na ratiba haitaonekana.

Midahalo, maigizo, gazeti

Hapa sitakawia, maana vyuo hivi viwili vilikaribiana. Oxford walikuwa na chama cha midahalo tangu 1823, chenye adabu za bunge na kura mwisho wa hoja, na chama cha maigizo tangu 1885. Chicago walianzisha gazeti la kila siku la wanafunzi, Maroon, mwaka 1902, na kikundi cha maigizo cha Blackfriars mwaka 1904. Mambo haya yaliwagharimu kidogo kuliko michezo na yalidumu. Inafurahisha pia kwamba Chicago, walipotaka mahali pa wanafunzi kukaa na kula pamoja, waliiga Oxford jiwe kwa jiwe. Ukumbi wa kulia wa Hutchinson uliomalizika 1903 umefuata ule wa Christ Church, na mnara wa Mitchell, ule wa kengele za Stagg, umefuata mnara wa chuo cha Magdalen.

Ukiwa na fedha za jambo moja la ziada, weka kwenye gazeti. Chumba kimoja na kompyuta mbili vinawashughulisha watu 20, na matokeo ya ligi yako yatapata mahali pa kuandikwa.

Basi uchague upi

Kama chuo chako ni kipya, hakijulikani, na kina mfadhili aliye tayari kulipa kocha kwa miaka kumi, mtindo wa Chicago utakupa jina haraka kuliko kitu kingine chochote. Jiandae tu kwamba timu ikishakuwa uso wa chuo, chuo kitaanza kuitumikia timu. Na jina lile haliji na dhamana. Chicago walitwaa ubingwa wa kanda kwa mara ya mwisho 1924. Mwaka 1939 walifungwa na Michigan walewale 85 kwa 0, na Desemba ya mwaka huo rais wa chuo, Robert Hutchins, akaifuta timu. Miaka mitatu baadaye, Desemba 2, 1942, Enrico Fermi na wenzake waliwasha tanuri la kwanza la nyuklia katika chumba cha mchezo wa raketi chini ya majukwaa ya uwanja ule, wakati juu hakuna tena mechi kubwa.

Kama chuo chako ni kama vingi vyetu, wanafunzi wengi, kiwanja kimoja, fedha za kuunga kwa kuunga, mimi nakushauri Oxford bila kusita, na uchukue mambo mawili kutoka Chicago: mlango wazi kwa wasichana tangu siku ya kwanza, na mwalimu mmoja anayelipwa, hata kwa saa chache, wa kuangalia afya na usalama. Sisi tuliosoma shule za bweni tunaujua mtindo huu tayari. Mashindano ya mabweni, rangi ya kila bweni, kombe la mwisho wa muhula, yote hayo yalikuja na walimu wa Kiingereza. Tukifika chuo kikuu tunauacha, tunashika bonanza la siku moja lenye muziki mkubwa.

Ningerudi kwenye wizara ile, ningeanza na foleni ya boti, nchi kavu. Timu za vitivo, wavulana foleni yao na wasichana foleni yao, zipangwe kwa ngazi. Kila Jumatano timu icheze na iliyo juu yake, ikishinda zinabadilishana nafasi. Hakuna wa kutolewa, na nafasi ya mwisho wa mwaka ndiyo ya kuanzia mwakani, ili wanaomaliza shahada wawaachie wadogo zao kitu cha kulinda. Vifaa ni mipira minne, filimbi mbili, na ubao nje ya bwalo la chakula wenye majina yanayobadilishwa kwa chaki kila Jumatano jioni. Baada ya muhula mmoja wa hivyo, timu ya kupeleka kwenye mashindano ya vyuo utaichagua kwa kuwatazama walewale, na fedha za basi utaziomba ukiwa na majina ya watu 300 waliocheza.